Kurekebisha Urefu wa Mbele wa Pikapu Yenye Tosheni Baa

Pikapu nyingi za zamani zinazofanya kazi mkoani Tanga, zikiwemo Mitsubishi L200, Nissan Hardbody na Hilux kadhaa za kabla ya toleo la Vigo, hazina koili springi (springi za kujiviringisha) mbele. Uzito wa mbele hubebwa na tosheni baa mbili, yaani pau ndefu za chuma cha springi zilizolala sambamba na chasisi, moja kila upande. Ncha ya mbele ya pau hushika mkono wa saspensheni, wa juu au wa chini kutegemea gari, na ncha ya nyuma huingia kwa meno ndani ya wenzo mfupi unaozuiwa na boliti ndefu chini ya kabini. Gurudumu likipanda, pau husokotwa, na nguvu ya msokoto huo ndiyo inayolirudisha chini. Boliti ikikazwa, wenzo huzunguka kidogo na pua ya gari huinuka. Hiace za abiria nazo zimejengwa kwa utaratibu huohuo.

Kwa kuwa kazi yenyewe ni kuzungusha boliti mbili, wengi huiona rahisi, na hapo ndipo magari yanapoharibiwa. Boliti hiyo haiongezi ugumu wa springi hata kidogo. Ugumu wa pau hutokana na unene wake, urefu wake na chuma chenyewe, na hakuna kati ya hivyo kinachobadilishwa na spana. Kinachobadilika ni mahali ambapo gurudumu linatulia kati ya kikomo cha juu na kikomo cha chini, kwa hiyo kila milimita unayoiinua pua ya gari unaitoa kwenye nafasi ambayo gurudumu lingeitumia kushuka shimoni. Gari lililoinuliwa kupita kiasi huonekana imara likiwa limesimama, lakini katika barabara ya vumbi ya kupanda Amani magurudumu yake huning'inia kila penye shimo, shokapu hugonga mwisho wake, na dereva hudhani kwamba springi zimekuwa ngumu ilhali zimekosa tu mwendo.

Kwa sababu hiyo, anza na kipimo kabla ya spana. Egesha gari kwenye sakafu ya saruji iliyo sawa, weka upepo sawa katika matairi ya mbele, kisha pima kutoka katikati ya habu (kitovu cha gurudumu) hadi ukingo wa madigadi, pande zote nne, na uandike namba hizo. Usipime kutoka ardhini, kwa maana tairi lililokwisha upande mmoja litakudanganya. Ukiona tofauti kati ya kulia na kushoto, usikimbilie boliti: chunguza kwanza bushi (mipira ya maungio) za mikono ya saspensheni, boljointi (maungio ya duara yanayogeuka) na springi za nyuma, kwani jani moja la springi lililovunjika nyuma huweza kuinua kona ya mbele ya upande wa pili. Baada ya hapo angalia nafasi kati ya mkono wa saspensheni na stopa zake za mpira. Ikiwa mkono umekaribia kuegemea stopa ya kuzuia gurudumu lisipande, pau zimelegea na marekebisho yana haki. Lakini ikiwa ni ile ya kuzuia lisishuke, gari lilishainuliwa na mtu mwingine, na linalohitajika ni kulishusha.

Jambo jingine la kuamua mapema ni mzigo. Pikapu ikiwa tupu, kiwanda huiacha nyuma ikiwa juu kidogo kuliko mbele, kwa makusudi, ili ikipakiwa ikae sawa. Mwenye gari la kubeba machungwa ya Muheza akiiinua pua mpaka ilingane na nyuma wakati gari ni tupu, atakapopakia nyuma itashuka, pua itaelekea juu, usukani utakuwa mwepesi kupita kiasi na taa zitawapiga machoni wanaokuja kutoka Segera. Ushauri wangu ni kulipima gari likiwa na mzigo wake wa kawaida pia, na kuinua mbele si zaidi ya milimita 25 juu ya kimo chake cha kiwandani. Wapo wanaofika 40, lakini hapo pembe za sivijointi (maungio ya ekseli za mbele) na boljointi huanza kuwa kali, na mipira ya kuzifunika hupasuka mapema.

Siku moja kabla ya kazi, safisha nyuzi za boliti kwa brashi ya waya, kisha zilowanishe kwa mafuta ya kupenya kutu. Hewa ya chumvi ya pwani hufanya boliti hizi zigande kwenye nati zake, nazo hukatika zikilazimishwa. Tafadhali usikubali boliti ipashwe moto kwa gesi karibu na pau. Chuma cha springi kikipata joto kali hupoteza ubora wake, na pau iliyopashwa moto leo inaweza kukatika baadaye gari likiwa kwenye mwendo. Vivyo hivyo, usiibane pau yenyewe kwa spana ya bomba, kwa sababu mkwaruzo mmoja mkali juu yake ni mwanzo wa ufa. Pau yenye mashimo ya kutu hairekebishwi. Hubadilishwa, na ya kulia haiwekwi kushoto, kwani kila moja imesokotwa kiwandani kwa mwelekeo wa upande wake.

Siku ya kazi, zuia magurudumu ya nyuma kwa vigogo, inua mbele kwa jeki, na uweke stendi mbili imara chini ya chasisi ili magurudumu yaning'inie. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Magurudumu yakining'inia, mzigo kwenye boliti hupungua sana, na nyuzi haziliki. Paka alama ya rangi kwenye boliti zote mbili, hesabu nyuzi zinazoonekana, legeza nati ya kufungia kama ipo, kisha kaza kila boliti mzunguko mmoja tu. Kwa kawaida kukaza huinua na kulegeza hushusha. Boliti isitolewe kabisa bila kuhakikisha kwamba pau haina msokoto uliobaki, kwa maana wenzo unaofyatuka huvunja mkono wa mtu.

Shusha gari, likandamize mbele mara kadhaa, kisha lisukume mbele na nyuma mita chache. Hatua hii wengi huiruka, nayo ndiyo inayofanya vipimo viwe vya kweli: matairi yaliyotoka kwenye jeki hung'ang'ania sakafu yakiwa yamebanwa kuelekea ndani, na gari hukaa juu kuliko kimo chake halisi. Pima tena, linganisha na namba zako, na urudie mzunguko mmoja au nusu kwa wakati mmoja. Upande mmoja ukihitaji mizunguko mingi zaidi kuliko mwingine, pau ya upande huo imechoka. Ikiwa boliti imefika mwisho na gari bado liko chini, wenzo unaweza kuvutwa na kusogezwa jino moja, lakini hiyo ni kazi ya fundi mwenye uzoefu.

Ukiridhika, kaza nati za kufungia na upake grisi nyuzi zilizobaki wazi. Endesha hadi Pongwe na kurudi, kisha pima kwa mara ya mwisho, na siku hiyohiyo upeleke gari kwenye alaimenti, yaani kupangwa upya pembe za magurudumu. Kimo kikibadilika, mlalo wa magurudumu na mwelekeo wake hubadilika pia, na matairi mapya huweza kuliwa upande mmoja kabla mwenye gari hajatambua. Mwishoni rekebisha taa za mbele gari likiwa limepakiwa mzigo wake.