Ukinunua iPhone ya mtumba, itazame ubavuni kwanza

Ndugu zangu mnaokwenda Darajani, sokoni Unguja, kutafuta iPhone ya mtumba, kabla hamjapatana bei itazameni simu ubavuni. Kuanzia iPhone 14 ya mwaka 2022, zile zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hazina pahala pa kutia laini. Zinatumia eSIM tu, laini isiyo na kadi. Simu itakuwa nzima kabisa, kioo safi, betri nzuri, lakini laini yako huna pa kuichomeka. Basi ulizia kwanza kwenye mtandao wako kama watakuhamishia namba yako kwenye eSIM, ndipo utoe pesa.

Tena mwambie muuzaji aifute simu mbele yako kupitia Mipangilio. Ikidai nywila ya akaunti ya Apple naye hanayo, mrudishie hapo hapo, hata akupunguzie nusu bei. Android nazo zina kufuli la akaunti ya Google, kwa hiyo usiziamini kwa macho.

Na iPhone XR, hata iwe inang'aa vipi, mimi leo siinunui: iOS 26, mfumo unaoendesha iPhone uliotoka mwaka 2025, umeshaiacha, haiwezi kuupokea. Kwa pesa hiyo hiyo bora Android mpya dukani, yenye risiti na dhamana.