Unyevu unaopanda ukutani kwenye nyumba za mawe

Nyumba kongwe za Mji Mkongwe, Zanzibar, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta wake hunyonya maji ya ardhini, kisha huyatoa kwa kupumua. Ukiupiga lipu ya saruji umeuziba pumzi: maji hupanda juu zaidi, chumvi huganda nyuma ya lipu, nayo huvimba na kubanduka. Kupaka rangi ya mafuta juu yake ni kupoteza fedha.

Anza nje. Ziba mabomba yanayovuja, safisha michirizi, na usawazishe ardhi iteremke kutoka ukutani. Udongo ulioegemea ukuta uondoe.

Ndani, bandua saruji yote hadi nusu mita juu ya alama ya unyevu. Gonga taratibu, maana jiwe la matumbawe ni laini. Fagia chumvi kwa brashi kavu na uitoe nje. Ukiiosha kwa maji inarudi ndani. Acha ukuta ukauke, ikiwezekana msimu mzima wa ukavu baada ya masika.

Lipu mpya: chokaa iliyozimwa (iliyokwisha kuchanganywa na maji) fungu 1, mchanga mkali (wenye chembe za kukwaruza) fungu 3. Mchanga wa pwani usiuguse, una chumvi. Lowesha ukuta, piga tabaka la sentimita 1, subiri ligande ndipo uongeze la pili. Linyunyizie maji wiki nzima, ulikinge na jua. Likikauka haraka hupasuka. Malizia kwa chokaa ya maji, mikono mitatu myepesi.

Sakafuni, nailoni chini ya zege husukuma unyevu kuelekea kutani. Sakafu ya chokaa ni salama zaidi.