Kuiandaa Nyumba ya Wazazi Uganda kwa Siku za Umeme Kukatika

Giza linapoingia kwa wazazi Uganda, simu hulia kwa mtoto aliye ughaibuni, naye huanza kuulizia bei ya jenereta. Kabla ya kutuma fedha, mwombe aliyeko nyumbani atazame mita ya Yaka, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, na taa za majirani. Ikiwa majirani wana umeme, huenda yuniti zimekwisha, na hapo unaweza kununua tokeni ukiwa huko uliko na kuwatumia tarakimu zake kwa simu. Ikiwa mtaa mzima uko gizani, taarifa ipelekwe UEDCL, kampuni ya serikali iliyochukua usambazaji wa umeme kutoka kwa kampuni iitwayo Umeme tarehe 1 Aprili 2025. Nchi ina umeme wa kutosha, kwani bwawa la Karuma pekee lina uwezo wa megawati 600, lakini nguzo iliyoangushwa na dhoruba au transfoma iliyoungua inaweza kuacha kijiji gizani kwa siku kadhaa.

Kwa wazee napendekeza betri na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani), kwa sababu jenereta inadai petroli, nguvu za kuivuta kamba na mahali pa wazi mbali na madirisha. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200, ingawa ni vyema itumiwe nusu tu ili isichakae mapema. Nusu hiyo inatosha kuwasha taa nne za wati 7 na kuchaji simu usiku kucha, mradi pasi na birika la umeme visiunganishwe kamwe.

Friji isiyofunguliwa hutunza baridi kwa takriban saa 4, na friza iliyojaa kwa saa 48. Kama mzazi anatumia insulini, mwulizeni mfamasia mapema dawa hiyo inaweza kukaa nje ya friji kwa muda gani.

Jambo ninalowasihi kuliko yote ni sigiri: isiingizwe chumbani kwa ajili ya joto au kupika usiku, kwa kuwa makaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoua watu wakiwa usingizini.

Umeme ukikatika, friji na televisheni vichomolewe, ibaki taa moja tu ikiwa imewashwa. Itakapowaka na kutulia kwa dakika kama kumi, vifaa vichomekwe kimoja kimoja.