Jinsi ya kuomba nafasi ya kusomea jiolojia na sayansi ya mazingira katika vyuo vikuu vya Uganda

Kama umemaliza S6 (kidato cha sita) na unapenda masuala ya miamba, maji, udongo au mazingira, usikimbilie fomu. Kwanza amua kozi. Pale Makerere, jiolojia na masomo ya petroli yako chini ya Koleji ya Sayansi Asilia, lakini sayansi ya mazingira iko chini ya Koleji ya Kilimo na Sayansi za Mazingira. Masharti yake si mamoja, wala kazi zake. Mwanajiolojia hutafutwa na idara ya serikali ya jiolojia na madini iliyoko Entebbe, au na wachimbaji wa mafuta kule Ziwa Albert. Mtu wa mazingira hufanya kazi na NEMA (mamlaka ya taifa ya mazingira), na wilaya, na miradi ya misitu na ardhioevu. Chuo cha Busitema, wilayani Busia, kinafundisha uhandisi wa migodi na wa rasilimali za maji, na watoto wengi wa mpakani hawajui kwamba kozi hizo ziko karibu nao hivyo.

Naomba pia usiidharau sayansi ya mazingira kwa sababu tu haihusiani na mafuta. Maporomoko yaliyoua watu Bududa mwezi Machi 2010, na mafuriko ya mto Nyamwamba yanayorudi Kasese, yanamhitaji anayejua mwamba na anayejua ardhi inatumikaje.

Sifa za kuingia. Kwa wanaotoka moja kwa moja shuleni, unatakiwa uwe na UCE (cheti cha kidato cha nne) yenye masomo yasiyopungua matano uliyofaulu, na UACE (cheti cha kidato cha sita) yenye angalau masomo makuu mawili uliyofaulu katika mtihani mmoja. Wenye stashahada wana utaratibu wao. Makerere pia ina mtihani wa watu wazima, kuanzia miaka 25. Kisha fungua tovuti ya NCHE (baraza la taifa la elimu ya juu) uone kama kozi unayoitaka imeidhinishwa na idhini haijaisha muda. Ni kazi ya dakika chache.

Piga hesabu ya alama. Hapa ndipo wengi wanapopoteza nafasi, kwa hiyo soma taratibu. Katika UACE, A ni 6, B ni 5, C ni 4, D ni 3, E ni 2, na O ni 1. Lakini chuo hakijumlishi hivyo tu. Kila kozi ina masomo ya lazima, ambayo alama yake huzidishwa kwa 3, na somo linalohusiana, ambalo huzidishwa kwa 2. General Paper (somo la maarifa ya jumla) na somo dogo la hisabati au kompyuta huhesabiwa mara moja tu.

Tuseme msichana ana Jiografia A, Bayolojia B na Kemia C. Kozi ya kwanza inataka Bayolojia na Kemia ziwe za lazima: 15 na 12, ukiongeza 12 za Jiografia, unapata 39. Kozi ya pili inataka Jiografia na Bayolojia: 18 na 15, ukiongeza 8 za Kemia, unapata 41. Matokeo ni yale yale, ila ana alama mbili zaidi upande mmoja, na alama mbili zinatosha kumtoa mtu kwenye orodha au kumwingiza. Wasichana huongezewa 1.5 juu ya hapo. Kwa hiyo chukua jedwali la chuo chenyewe linaloonyesha masomo ya lazima ya kila kozi, piga hesabu kwa kila kozi, linganisha na alama za chini kabisa zilizokubaliwa mwaka uliopita, halafu ndipo upange chaguo lako la kwanza, la pili na kuendelea. Kozi unayoitaka kwa dhati iweke juu hata kama ina ushindani. Zile za akiba zifuate chini.

Nafasi za serikali na za kujilipia. Kila moja ina tangazo lake na tarehe yake ya mwisho. Serikali hulipia wanafunzi wapatao 4,000 kwa mwaka. Wengi huingia kwa ushindani wa alama, wengine kwa mgawo wa wilaya, michezo au ulemavu. Ukitaka mgawo wa wilaya, nenda makao makuu ya wilaya mapema uulize ni ushahidi gani wanaoutaka. Mimi ningemshauri kila mtu aombe pande zote mbili.

Kujaza maombi. Unajisajili kwenye mfumo wa chuo mtandaoni, unajaza, unapewa namba ya malipo, unalipa benki au kwa simu, na unatunza risiti. Andika majina kama yalivyo kwenye matokeo ya UNEB (baraza la mitihani la Uganda), herufi kwa herufi. Kama kitambulisho cha taifa kinachotolewa na NIRA kinasema "Okello" na cheti kinasema "Okelo", shughulikia jambo hilo sasa kwa hati ya kiapo, usingoje siku ya usajili. Tumia namba ya simu na barua pepe yako mwenyewe, si ya mwenye kafe. Na asikudanganye mtu kwamba anaweza "kukusukumia" jina kwa pesa.

Mliosoma nje. Cheti cha sekondari cha Tanzania, Kongo au Sudan Kusini lazima kilinganishwe na UNEB kwanza, na cha Kifaransa kitafsiriwe rasmi. Wenye KCSE (cheti cha sekondari) ya Kenya wajue kwamba kwa kawaida huhitaji cheti cha maandalizi cha elimu ya juu kabla ya shahada. Anza mapema, maana dirisha la maombi halitakusubiri.

Ada. Bodi ya mikopo ya wanafunzi, HESFB, hupendelea kozi za sayansi. Mkopo hulipia masomo, lakini chakula na malazi ni juu yako. Kwenye bajeti weka buti imara, lenzi ya mkononi na nauli, kwa sababu kozi hizi zina safari za nyanjani, na hizo huanza mapema kuliko wazazi wanavyodhani.