Mafuta ya Mchaichai: Punguza Huo Moto

Kila msimu wa kukeneka, yaani kuchemsha majani na kupooza mvuke wake ili kupata mafuta, malalamiko ni yaleyale: pipa lilijaa majani, kuni zikaisha, na mafuta hayakufika hata vijiko viwili. Mkulima analaumu miche, analaumu udongo, mwingine anataka kung'oa shamba zima. Ukienda kuutazama mtambo wake unakuta moto unanguruma kama wa tanuri la matofali, na mwisho wa bomba unafuka mvuke. Mvuke huo ndio uliobeba mafuta yenyewe. Yanapaa, na jirani anayafaidi kwa pua bila kutoa jasho.

Kuvuna na kunyausha majani mnajua, sitarudia. Tuzungumzie moto na maji ya kupoozea, maana vitu hivi viwili lazima vilingane.

Mvuke unapogeuka kuwa maji hutema joto lote lililotumika kuuchemsha, na joto hilo sharti limezwe na maji yanayozunguka koili, yaani bomba lililoviringwa ambamo mvuke hupita na kupoa. Hesabu yake ni hii: kila lita 1 inayotoka kwenye bomba inataka takriban lita 20 za maji ya kupoozea, yaliyoanza na nyuzi joto 25 na kuishia 55. Sasa mtu anazungusha koili ndani ya ndoo ya lita 20, akitarajia kukeneka lita 10. Lita ya kwanza tu imeshaipasha ndoo yote, na tangu hapo anachemsha maji mawili kwa kuni zilezile. Kisha ananiuliza mafuta yamekwenda wapi!

Kwa anayeanza, pipa la lita 200 linatosha kuwa chungu cha mtambo. Liwe safi, lisiwe lililowahi kubeba dawa za shamba wala petroli, hata kama umelisugua mara kumi. Weka wavu imara sentimita 20 kutoka chini, kisha maji yenye kina cha sentimita 15, yaani kama lita 38. Zile sentimita 5 zinazobaki usizijaze. Maji yakigusa majani unapata supu, na maji yakikauka majani ya chini yanaungua, mafuta yote yanabeba harufu ya moshi. Shindilia kilo 25 za majani sawasawa, hasa pembeni, kwa kuwa mvuke hupenda njia ya mkato. Ukiacha pengo utapita hapo na kuyaacha majani mengine yalivyo.

Koili iwe ya bomba la inchi 1, mita 6, iteremke mfululizo bila kupinda juu popote, na ikae ndani ya pipa la pili la lita 200. Maji baridi yaingie chini, ya moto yatokee juu. Wengi huyamwaga juu. Yanachanganyika na ya moto na kutoka nayo kabla hayajafika chini. Mfuniko zibe kwa donge la unga na maji, kwani presha ikizidi donge litaachia kabla pipa halijapasuka. Usiweke koki yoyote kati ya pipa na mwisho wa bomba. Yoyote. Na mtambo huu ni wa majani, si wa pombe: mvuke wa pombe hushika moto, na hapa una moto wazi chini yake.

Sasa moto. Mwanzoni ruhusa kuchochea, maji yachemke ndani ya dakika 45 hadi 60. Lakini usingoje tone la kwanza ndipo uvute kuni. Mafiga yameshabeba joto lake, utakuwa umechelewa. Bomba la juu likianza kupata moto, punguza kuni hapo hapo.

Matone yakianza, weka chombo cha kupimia cha lita 1 na utazame saa. Kijae kwa dakika 15. Kikijaa chini ya dakika 10, ondoa kuni. Kikizidi dakika 20, ongeza kijiti kimoja chembamba, wala si gogo. Gogo halitii amri. Kinachotoka kiwe na uvuguvugu ambao mkono unauvumilia, na pasiwe na mvuke hata kidogo. Ukiuona mvuke, usilimwagie pipa maji. Toa kuni na ongeza maji ya kupoozea. Moto mkali una hasara nyingine pia: maji yanapita mbio kwenye chombo cha kutenganishia mafuta na maji, matone madogo ya mafuta hayapati nafasi ya kupanda juu, nawe unayamwaga pamoja na maji. Chombo hicho kiwe cha kioo au chuma kisichoshika kutu, si cha plastiki, na kiweze kushika angalau lita 2.

Wapo pia waliokaripiwa sana hadi wakaukaribia moto kwa woga, wakakeneka siku nzima. Nalo halifai, majani yanapikika na harufu inachuja. Saa mbili na nusu tangu tone la kwanza zinatosha.

Mambo yakienda sawa, kilo 25 hutoa mililita 50 hadi 100 za mafuta ya manjano yanayoelea juu ya maji.

Unapozima, hakikisha mwisho wa bomba hauzami ndani ya maji ya chombo. Pipa likipoa huvuta, na litayanyonya maji pamoja na mafuta uliyoyasubiri. Ondoa kuni na makaa yote, ngoja matone yakatike, kisha legeza donge la mfuniko upande ulio mbali na uso wako.