Hotidogi ya chili kama ya Detroit, jikoni kwako

Chili, yaani mchuzi mzito wa nyama na viungo, ya kumwagia juu ya hotidogi si ile ya kulia kwenye bakuli. Hapa ndipo wapishi wengi wa nyumbani wanapokosea. Mtu anachukua chili yake ya maharagwe, yenye mapande ya nyama na mchuzi wa kuogelea, anaimwaga juu ya soseji, na dakika haijapita mkate umeloa chini, maharagwe yamebingirikia sahanini, na mlaji amebaki na soseji na vidole vyekundu. Chili ya hotidogi hupikwa kwa kuufikiria mkate tangu mwanzo. Chembe zake za nyama ni ndogo kuliko punje ya mchele, haina maharagwe, na ikishawekwa mahali inakaa hapohapo.

Chakula hiki kina kwao, na kwao ni Michigan, Marekani. Jijini Detroit mhamiaji wa Kigiriki, Gust Keros, alianzisha American Coney Island mwaka 1917, na baadaye mlango wa pili ukawa wa Lafayette Coney Island, mgahawa wa ndugu yake. Jina Coney Island limeazimwa kutoka ufukwe wa Brooklyn, New York, uliokuwa maarufu kwa soseji za ndani ya mkate. Chili, hata hivyo, haikutoka huko. Ni kazi ya wahamiaji kutoka Ugiriki na Makedonia waliofungua vijimgahawa katika miji ya viwanda. Watu wa Detroit huiita hotidogi hii "coney" tu, na vitu vyake havibadiliki: soseji yenye ngozi inayokatika kwa mlio, mkate laini uliopitishwa kwenye mvuke, chili, mstari wa haradali ya njano, na kitunguu kibichi kilichokatwakatwa.

Kiasi kifuatacho kinatosha hotidogi 10 hadi 12.

Kwa chili:
- nyama ya ng'ombe ya kusaga, gramu 500
- maji baridi, mililita 500
- kitunguu maji 1 cha wastani, kilichokunwa kwenye kikwaruzo
- kitunguu saumu, punje 2 zilizopondwa
- mafuta ya kupikia, vijiko 2 vya chakula
- nyanya nzito ya kopo, vijiko 2 vya chakula
- paprika (unga wa pilipili nyekundu isiyo kali), kijiko 1 na nusu cha chakula
- bizari nyembamba ya kusaga, vijiko 2 vya chai
- oregano kavu, kijiko 1 cha chai
- pilipili manga, nusu kijiko cha chai
- pilipili kali ya unga, robo kijiko cha chai
- haradali ya njano, kijiko 1 cha chai
- siki, kijiko 1 cha chai, na sukari nusu yake
- chumvi

Kwa kupanga: soseji 10, mikate 10 ya hotidogi, haradali ya njano, na vitunguu 2 vya kukatakata.

Kabla hujawasha moto, tuzungumze kuhusu pilipili, maana hapa sufuria nzima inaweza kuharibika. Mapishi ya Kimarekani yanaandika "unga wa chili" vijiko viwili au vitatu vya chakula. Unga huo si pilipili tupu. Ni mchanganyiko: pilipili nyekundu isiyo kali, bizari nyembamba, oregano na unga wa kitunguu saumu. Ukichukua pilipili ya unga ya sokoni kwetu na kuitia kwa kipimo hicho, hakuna atakayemaliza hata tonge la kwanza. Paprika, bizari na oregano zilizo kwenye orodha ndizo zinazochukua nafasi ya mchanganyiko huo, na pilipili kali inabaki kuwa kitu unachoongeza kidogokidogo mwishoni. Angalia pia usichanganye bizari. Inayotakiwa ni nyembamba, ambayo wengine wanaiita uzile au jira. Si ya manjano, wala si ile ya mchuzi iliyokwisha changanywa.

Nyama nayo ina masharti yake. Iwe na mafuta, asilimia 15 hadi 20. Buchani watu wengi husagiwa steki, na steki ikisagwa inatoa chili kavu yenye chembechembe ngumu zinazokwama kwenye meno. Omba kidari, au nyama ya paja iliyoongezwa shahamu kidogo, kisha mwambie muuza nyama aipitishe mashineni mara mbili kwa tundu dogo. Akikataa, isage mwenyewe kwa sekunde chache kwenye mashine ya jikoni ikiwa baridi sana. Nyama yenye joto hugeuka uji.

Sasa lile jambo kubwa. Usikaange nyama. Nyama ya kusaga ikigusa sufuria ya moto, protini zake hushikana papo hapo na kuwa madonge, na donge likishaiva halivunjiki tena vizuri hata ulipige kwa mwiko mpaka jioni. Badala yake, weka nyama mbichi kwenye bakuli kubwa, mimina maji baridi, kisha ivunje kwa vidole au kwa uma hadi iachane kabisa na maji yawe kama uji mwepesi wa rangi ya waridi. Inachukua dakika tatu au nne. Haivutii kuiangalia, lakini huo ndio ulaini wa chili ya Detroit. Chembe zikiwa zimeachana kabla ya joto kufika, hazina cha kushikana nacho.

Kwenye sufuria yenye kitako kizito, kaanga kitunguu kilichokunwa kwa moto wa wastani, dakika sita au saba, hadi maji yake yakauke na kianze kugeuka rangi. Tia kitunguu saumu, halafu viungo vyote vikavu isipokuwa pilipili kali, ukoroge kwa nusu dakika tu. Harufu ikipanda, tia nyanya ya kopo mara moja ili ipoze mafuta, kwa sababu paprika huungua haraka na ikiungua inakuwa chungu. Uchungu huo hautoki. Koroga dakika mbili, nyanya ibadilike kutoka nyekundu angavu kuwa nyekundu ya matofali.

Epua. Acha sufuria itulie dakika tano. Ukimimina nyama kwenye sufuria inayochemka, utapata madonge uliyokuwa unayakimbia. Mimina nyama na maji yake yote, rudisha jikoni kwa moto wa wastani, na koroga bila kuondoka mpaka ichemke. Kuanzia hapo punguza moto hadi vipovu viwe vichache, usifunike, na iache ijipunguze yenyewe kwa saa moja au saa moja na robo. Koroga kila baada ya dakika kumi, na dakika ishirini za mwisho usikae mbali, maana inapokaribia kukauka ndipo inaposhika chini.

Imeiva lini? Pitisha mwiko katikati ya sufuria. Njia uliyochora ikae wazi sekunde mbili au tatu kabla chili haijajifunga. Kipimo cha pili ni cha uhakika zaidi: weka kijiko kimoja kwenye sahani, subiri dakika moja. Ukiona duara la maji limeizunguka, bado. Maji hayohayo ndiyo yatakayoingia kwenye mkate wako. Ukiona duara jembamba la mafuta mekundu tu, ndiyo hiyo. Sasa ndipo unatia haradali, siki, sukari, chumvi, na pilipili kali kidogokidogo. Anza na nusu kijiko cha chai cha chumvi, onja, ongeza. Chumvi haitiwi mapema kwa sababu chili inapungua na chumvi haipungui, tena soseji na haradali zitaleta yao.

Ikibaki nyepesi na wageni wameshafika, tia vijiko viwili vya chakula vya makombo laini ya mkate mkavu au ya biskuti zisizo na sukari, uchemshe dakika kumi. Usitie unga wa ngano mkavu. Unafanya madonge na ladha ya ubichi. Ikiwa nzito kupita kiasi, maji ya moto vijiko viwili vinatosha kuirudisha.

Ukiwa na nafasi, ipike leo uile kesho. Ikilala kwenye friji, viungo vinaingia ndani ya nyama na mafuta yanaganda juu, ukaweza kuyatoa kwa kijiko. Acha kidogo, kama vijiko viwili vya chakula. Hayo yanabeba ladha na yanafanya chili ing'ae.

Soseji

Hotidogi ya Marekani ni soseji iliyokwisha kuiva na kufukizwa moshi kiwandani; kazi yako ni kuipasha tu. Soseji nyingi za ng'ombe zinazouzwa Afrika Mashariki zikiwa zimegandishwa ni mbichi, na hizo lazima ziive hadi katikati, nyuzi 71 za Selsiasi kama una kipimajoto. Soma pakiti. Anayeishi Kenya atakuta smokie, ile inayouzwa barabarani kwa kachumbari, iko karibu zaidi na hotidogi ya Detroit kuliko soseji mbichi ya kukaanga. Kule Michigan soseji nyingi zina nyama ya nguruwe iliyochanganywa na ya ng'ombe. Asiyekula nguruwe atafute za ng'ombe tupu, na aulize pia kuhusu ngozi: za kondoo ndizo nyembamba na ndizo zenye mlio.

Kwa soseji iliyoiva tayari, tumia kikaango bapa, mafuta kidogo mno, moto wa wastani, ukizigeuza kwa dakika sita hadi nane hadi zitoe mistari ya kahawia. Ukipenda maji, yasichemke. Maji yanayofoka hupasua ngozi, na ladha ya soseji inaishia kwenye sufuria. Yawe moto wa kutoa mvuke na vipovu vidogo pembeni, dakika tano hadi saba. Kwa mjamzito na mzee, hata soseji iliyoiva ipashwe mpaka itoe mvuke yote.

Soseji mbichi ianzie kwenye maji ya namna hiyo dakika kumi hadi kumi na mbili, ndipo imalizie kikaangoni. Ukiianzia kikaangoni, ngozi itaungua huku ndani kukiwa na rangi ya waridi.

Mkate na kitunguu

Mkate uwe laini na usiwe mtamu sana, wenye urefu wa soseji. Upasue upande mmoja bila kuukata hadi mwisho. Sehemu iliyobaki ndiyo inayoshikilia kila kitu. Weka chekecheke juu ya sufuria ya maji yanayochemka, panga mikate, funika kwa sekunde 40. Mvuke unaulegeza mkate ukumbatie soseji bila kuvunjika. Ukizidisha dakika moja unakuwa gundi. Mkate wa jana hufaidi mvuke kuliko wa leo.

Kitunguu kikatwe kwa kisu kikali, vipande vya milimita tatu hivi. Kisu butu na mashine ya kusagia hukiponda kikatoa maji na ukali mchungu. Kikiwa kikali sana, kisuuze kwenye maji baridi, ukikamue, ukikaushe kwa kitambaa.

Kupanga

Hii ni kazi ya dakika moja, na kila kitu kiwe moto kasoro haradali na kitunguu. Mkate, soseji, kisha vijiko vitatu vya chakula vya chili kwa urefu wote, mstari mmoja wa haradali juu yake, na kitunguu kijiko kimoja na nusu. Haradali inakata mafuta ya nyama, kwa hiyo usiiruke. Kwa watu wengi, weka chili kwenye moto mdogo kabisa, soseji kwenye maji ya moto, mikate chini ya kitambaa chenye unyevu, na upange moja baada ya nyingine watu wakiwa wamesimama. Zikipangwa nusu saa mapema, hakuna ufundi utakaouokoa mkate.

Anayetaka kubadili ana njia mbili nzuri. Flint, mji mwingine wa Michigan, hupenda chili kavu kabisa ya moyo wa ng'ombe uliosagwa. Nunua moyo, utoe mishipa, usage nusu kwa nusu na nyama yenye mafuta, kwa sababu moyo peke yake hauna shahamu ya kuulainisha. Maji yapunguze hadi mililita 300. Cincinnati, Ohio, ambako ndugu wa ukoo wa Kiradjieff kutoka Makedonia walianza kuuza chili mwaka 1922, huongeza viungo vitamu: kwa nusu kilo ya nyama, mdalasini nusu kijiko cha chai, karafuu ya unga inayoshikika kati ya vidole viwili, na kakao isiyo na sukari kijiko kimoja cha chai. Haradali hukaa chini ya chili, na juu kabisa huwekwa lundo la jibini la cheddar lililokunwa jembamba kama nyuzi. Mpwani atainusa na kukumbuka pilau, na mkono utataka kuongeza. Usiongeze. Karafuu ikizidi inafunika nyama yote.

Chili iliyobaki iingie kwenye friji kabla saa mbili hazijapita tangu iepuliwe, na inakaa siku tatu hadi nne. Ya kugandisha igawe kwenye mifuko ya vijiko tisa, yaani hotidogi tatu, uibapaze ili iyeyuke haraka. Inafaa hadi miezi mitatu. Unapoipasha, tia maji vijiko viwili, koroga hadi ichemke, kisha rudia kile kipimo cha sahani.