Namna ya Kuchambua Sehemu Dhaifu ya Alfred Hitchcock Presents

Mfululizo wa televisheni wa Alfred Hitchcock Presents, ulioanza kuonyeshwa Marekani mwaka 1955, ulitoa sehemu 268 za nusu saa kabla ya kurefushwa kuwa wa saa nzima mwaka 1962, na kwa kuwa kila sehemu ilikuwa na hadithi na wahusika wake, haishangazi kwamba baadhi zilipwaya. Ukikutana na mojawapo, anza kwa kusoma majina ya watengenezaji: Hitchcock mwenyewe, mwongozaji wa filamu ambaye mfululizo unabeba jina lake, aliongoza 17 tu kati ya hizo, kwa hiyo kumbebesha lawama zote ni kumwonea.

Kisha itazame upya huku ukiandika ni lini mtazamaji anapata kila habari muhimu, na ni mhusika gani bado haijui. Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Hitchcock alieleza kwamba bomu likilipuka chini ya meza bila kutarajiwa, mtazamaji hushtuka kwa sekunde 15, ilhali akijua mapema kuwa lipo, na walioketi mezani wanaendelea kuzungumza bila habari, atakaa roho juu kwa dakika 15. Sehemu dhaifu, kwa maoni yangu, mara nyingi huficha kila kitu hadi mwisho ikitegemea mshtuko pekee, na mtazamaji aliyeuzoea mfululizo huu huwa amekwisha kuubashiri.

Ili kuona tofauti, ilinganishe na “Lamb to the Slaughter” ya mwaka 1958, ambamo mke anamuua mumewe kwa paja la kondoo lililoganda mbele ya macho yetu mapema kabisa. Taharuki yote inatokana na kuwatazama polisi wakiitafuta silaha ambayo sisi tunajua iko jikoni, ndani ya oveni.

Maneno ya kufungia ya Hitchcock, anayejitokeza mwishoni mwa sehemu kuzungumza na mtazamaji, yapime peke yake. Anapotangaza kwa kebehi kwamba mhalifu aliyeponyoka alikamatwa baadaye, anatimiza matakwa ya kimaadili ya televisheni ya enzi zile, na si haki kumhesabia mwandishi wa hadithi kosa hilo. Kwa sehemu za saa nzima, chunguza pia kama hadithi fupi imevutwa kupita kiasi.

Unapoandika tathmini yako, taja onyesho mahususi ambapo taharuki ilikatika, na ueleze ni habari gani ilipaswa kutolewa kabla ya hapo.